Mkanda wa jeshi kwa mgonjwa wa kansa: usingoje malengelenge yajae

Hii nawaandikia nyinyi wa huku Malindi na kule Lamu ambao nyumbani mna mtu anakwenda Mombasa kupigwa kemo, yani zile dawa kali za kuua kansa, au ashamaliza mionzi, au anameza vidonge vya kansa kila asubuhi na karatasi zake za kliniki ziko kwenye mfuko juu ya kabati. Mshaambiwa mengi, nywele, kutapika, damu kupungua, ila mkanda wa jeshi watu wengi husikia habari yake ukiwa ushatoka. Na shida ya mkanda kwa mtu kama huyu ni kwamba mnahesabu masaa. Dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu upele uonekane, yani siku tatu tu, sasa ukiwa Siyu maji yamepwa boti haisogei, au mmefika Mokowe jioni na basi ni mpaka kesho, siku moja ishakwenda hivo hivo. Ndio maana mengi hapa chini ni ya kufanya mgonjwa akiwa bado hajatokwa na mkanda.

Kwa ufupi, mkanda unatoka wapi

Virusi vyake ndio vile vile vya tetekuwanga. Mtu akiugua tetekuwanga akapona, virusi haviondoki mwilini, hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo na hukaa huko miaka na miaka, kinga ya mwili ndio inavizuia. Kinga ikishuka hupata nafasi, hufuata mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi, ndio sababu upele hukaa upande mmoja kama mstari, mgongo kuzunguka kifuani, kiunoni, au nusu ya uso. Mgonjwa hakuambukizwa mkanda na mtu wala hakutupiwa kitu na jirani.

Na hapa niseme wazi manake maneno ya mtaani yanachelewesha watu: mkanda haumaanishi lazima mtu ana ukimwi. Ni kweli HIV hushusha kinga na mkanda hutoka, na daktari akiuona kwa mtu ambae hajulikani ana shida gani atashauri apimwe, ni sawa. Lakini kemo nayo hushusha kinga, na dawa za steroidi kama prednisoloni, na uzee wenyewe. Nimemuona mama mtu mzima ameficha upele chini ya dera kwa kuogopa wakwe zake watasema nini, na siku alizoficha ndizo zilizokuwa za dawa. Pia ile habari ya kwamba mkanda ukizunguka ukakutana mtu hufa, iacheni. Mkanda kwa kawaida haukutani kwa sababu mshipa mmoja unahudumia upande mmoja. Ukitoka pande zote mbili au ukatawanyika mwilini ni dalili ya kinga kuwa chini sana na mtu anahitaji hospitali, lakini anatibiwa.

Jua mgonjwa wako yuko wapi kwenye hatari

Sio kansa zote zinalingana. Walio juu kabisa ni wenye kansa za damu na za tezi za limfu, lukemia, limfoma, mayeloma, na waliopandikizwa uboho. Kansa ya matiti, ya shingo ya kizazi, ya koo na kadhalika hatari ipo pia hasa wakati wa kemo, ila sio kwa kiwango hicho. Alafu angalieni dawa zenyewe: prednisoloni au deksamethasoni kwa muda mrefu, na dawa ya mayeloma inayoitwa bortezomibu, hiyo inajulikana sana kwa kuamsha mkanda kiasi kwamba madaktari huwa wanampa mgonjwa vidonge vya kuuzuia tangu mwanzo. Na msidhani kemo ikiisha hatari imeisha siku hiyo, kinga huchukua miezi kurudi.

Hatua ya kwanza: maswali ya kuuliza kliniki kabla

Mkienda kliniki andikeni maswali kwenye simu manake pale foleni ni ndefu na mkiingia kwa daktari kila kitu husahaulika. Sisi watu wa pwani tuna haya, tunaona kumuuliza daktari ni kumkosea adabu, lakini hii si ya kuonea haya.

Ulizeni kama kwa kansa hii na dawa hizi mgonjwa anafaa kupewa asikloviri, ndio dawa ya virusi vya mkanda, ya kuzuia, dozi ndogo ya kila siku. Ulizeni figo zake zikoje, kwa sababu dawa ya mkanda hutolewa na figo na dozi hupunguzwa figo zikiwa na shida, na dawa za kemo kama sisplatini hugusa figo. Ulizeni upele ukitoka wikendi mpige simu ipi, na mhakikishe namba inaita, sio namba ya zamani iliyoandikwa kwenye kadi. Na kama mnakaa mbali, Faza, Kizingitini, Witu, ndani ndani kule Magarini, muulize daktari kabisa: je unaweza kutuandikia dawa tuwe nayo nyumbani, tukikupigia ukatuambia anzeni tuanze? Wengine watakubali wengine watakataa, lakini mkiwa hamkuuliza jibu ni hapana tayari.

Ulizeni pia chanjo. Inayofaa kwa mwenye kinga dhaifu ni Shingrix, haina virusi hai ndani yake, hudungwa mara mbili. Watu wa kawaida huachanisha miezi 2 mpaka 6, mwenye kinga dhaifu anaweza kupewa ya pili baada ya mwezi 1 au 2. Marekani waliiruhusu kwa watu wazima wenye kinga dhaifu kuanzia miaka 18 mwaka 2021. Ile ya zamani, Zostavax, ilikuwa na virusi hai vilivyodhoofishwa na mgonjwa wa kemo hapaswi kupewa chanjo ya namna hiyo, kwa hivyo mtu akiwaambia ana chanjo ya mkanda ulizeni ni ipi kabla hamjatoa mkono. Haimo kwenye ratiba ya chanjo za serikali, ni ya kuulizia hospitali za kibinafsi na ni ghali. Kama inawezekana hudungwa kabla kemo haijaanza, ikishindikana daktari huchagua kipindi ambacho kinga imepanda kidogo. Mkono utauma na homa ya siku moja mbili yaweza kuja, basi waambie kliniki manake homa kwa mtu wa kemo haichukuliwi kijuujuu.

Hatua ya pili: maumivu hutangulia

Hapa ndio watu wengi hupotea. Siku moja mpaka tano hivi kabla ya upele, mgonjwa anaweza kuhisi maumivu, muwasho au ganzi sehemu moja, upande mmoja, ngozi ikiwa safi kabisa. Ikiwa kifuani watu husema moyo, ikiwa tumboni husema vidonda vya tumbo au gesi, ikiwa kiunoni husema alilala vibaya. Shangazi yangu alikuwa anatibiwa limfoma, akawa asubuhi ananiambia "mwanangu hapa ubavuni kama nimelalia kaa la moto", na jirani kwa wema wake akaja na mafuta ya nazi kumkanda. Hakuweza kuguswa. Hata leso ikipita juu ya ngozi alikuwa anashtuka, na ngozi haina kitu. Hilo la kutoweza kuguswa na nguo ni la kulitilia maanani sana, manake mshipa wa nyama ukiuma mtu hutaka kukandwa, huyu hataki hata feni impulizie.

Kwa hivyo mgonjwa akilalamika hivo, usimkande, usimchue, mvue nguo umulike na tochi ya simu mgongo, ubavu, chini ya matiti, kiunoni, na kwenye nywele pia. Rudia asubuhi na jioni. Na kwa ngozi zetu nyeusi msingoje wekundu wa kwenye picha za mtandao, mara nyingi unaona sehemu imekoza, zambarau au hudhurungi, au unahisi vipele kwa kidole kabla macho hayajaona. Alafu ndio hujitokeza vilengelenge vidogo vyenye maji vimesongamana kwenye mafungu.

Pigeni simu kliniki hata kabla ya upele, waambieni hayo maumivu. Wakisema tungoje tuone, sawa, lakini washajua.

Hatua ya tatu: siku upele umetoka

Andika saa. Ndio, saa, sio "juzi juzi hivi". Piga picha kwenye mwanga wa dirishani, moja ya karibu na moja ya mbali ionyeshe upande gani wa mwili. Mpime joto, na umpime kabla ya kumpa panadoli manake panadoli huficha homa. Kama nyumbani hamna kipimajoto nunueni, mtu wa kemo bila kipimajoto nyumbani haifai.

Alafu piga simu useme kwa mpangilio, nesi akuelewe mara moja: "Mgonjwa wangu ana limfoma, kemo ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, jana saa mbili usiku ametoka vilengelenge upande wa kulia kuanzia mgongoni mpaka chini ya titi, joto lake 37.4, anameza dawa hizi na hizi." Ukisema tu "ana upele" utaambiwa njoo Jumatatu.

Ikiwa simu haishikwi msikae nayo. Nendeni hospitali ya karibu, King Fahd kama mko Lamu, hospitali ya serikali ya Malindi kama mko huku, siku hiyo hiyo, mkiwa na karatasi zote za kansa. Mkanda hauhitaji mfike mpaka Coast General kule Mombasa ndio uanze kutibiwa, daktari au afisa wa kliniki yeyote anaujua kwa macho na dawa yake haina ajabu. Anayehitaji kwenda mbele atapewa rufaa.

Na msimpeleke moja kwa moja kwenye chumba cha kusubiria kemo akae katikati ya wagonjwa wengine. Wote pale kinga zao ziko chini. Mlangoni mwambieni nesi kwanza, "tuna mkanda", awatafutie pa kukaa.

Kuna famasi moja mtaani ilimpa mtu wetu krimu ya fangasi, wiki nzima anapaka. Simlaumu sana yule kijana, vilengelenge vikiwa vichache vinafanana na mambo mengi, kuchomwa na dudu, aleji. Lakini ndio maana nasema mgonjwa wa kansa hatibiwi upele kaunta.

Hatua ya nne: dawa yenyewe

Kwenye pakiti utaona imeandikwa Aciclovir au Acyclovir, ni kitu kimoja. Dozi ya kawaida ya mtu mzima kwa mkanda ni miligramu 800 mara 5 kwa siku, siku 7 mpaka 10, na kwa mwenye kinga dhaifu daktari anaweza kurefusha. Angalieni vizuri vidonge mlivyopewa. Vikiwa vya 200 basi ni vinne kwa wakati mmoja, vikiwa vya 400 ni viwili, na mtu akikupa cha 200 kimoja kimoja uliza tena kwa upole. Ipo pia valasikloviri, gramu 1 mara 3 kwa siku, ghali zaidi lakini rahisi kukumbuka. Dozi hizi nawapa ili mjue mnachopewa, sio mkanunue wenyewe, manake ya mgonjwa wenu huenda ikapunguzwa kwa ajili ya figo.

Mara tano kwa siku ni kazi. Weka alamu kwenye simu, saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Na anywe maji kwa wingi kama daktari hajamzuia, dawa hii ikipita kwenye figo kavu huleta matatizo. Ikiangukia Ramadhani, huyu ni mgonjwa, ana ruhusa yake, msimuache akafunga alafu ameze vidonge vyote usiku kwa mkupuo. Wazee wetu hapa huwa wagumu, kama hakusikilizi wewe muite sheikh wa msikiti wenu aje amwambie yeye.

Wagonjwa wengine hulazwa wakapewa asikloviri ya mshipa kila baada ya saa 8, hasa kama upele umetawanyika, kama kinga iko chini sana, kama umepanda jichoni au anatapika hawezi kumeza. Mkiambiwa alazwe msibishane.

Saa 72 zikipita bado nendeni. Kwa mtu mwenye kinga nzuri huenda daktari akasema ushachelewa, kwa mgonjwa wa kansa hutibiwa hata hivyo, zaidi kama vilengelenge vipya vinaendelea kutoka.

Krimu ya asikloviri haisaidii mkanda. Krimu za steroidi msipake. Antibayotiki haiui virusi, hutolewa tu kama vidonda vimeingia vijidudu, usaha, harufu, wekundu unaosambaa. Maumivu: panadoli baada ya kupima joto, na zaidi ya hapo muulize daktari. Diklofenaki na brufeni, ambazo hapa kwetu hununuliwa kama peremende, msimpe bila kuuliza, kwa sababu ya figo na kwa sababu kemo hushusha chembe za kugandisha damu. Mtoto mwenye kansa asipewe aspirini kabisa.

Hatua ya tano: kumuuguza nyumbani

Osha sehemu taratibu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na sabuni isiyo na manukato, sio maji ya kisima ya chumvi moja kwa moja. Kausha kwa kugusa gusa tu. Kitambaa kisafi kilicholoweshwa maji baridi dakika kumi, kumi na tano, humpunguzia. Leso ya pamba iliyozeeka, laini, ndio nguo yake, hasa wakati wa kaskazi jasho linapomwagika, dera la nailoni litamchoma. Msipasue malengelenge. Majivu, dawa ya meno, mwarobaini uliosagwa, liwa, karafuu, yote hayo yana watu wake nami sidharau dawa za bibi zetu, lakini kidonda kibichi kwa mtu ambae chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zimepungua ni mlango wa vijidudu kuingia kwenye damu. Baki na maji safi.

Sasa wageni. Huku kwetu mtu akiugua nyumba hujaa, na kuwaambia watu wasije ni kazi kuliko kuuguza. Mkanda hauambukizi mkanda, lakini maji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambae hajawahi kuugua, mpaka yote yakauke yawe magamba. Kwa hivyo wasikaribie mama mjamzito ambae hajawahi kuugua tetekuwanga, watoto wachanga, na mgonjwa mwingine wa kinga dhaifu. Funika upele kwa bandeji isiyonata, taulo na shuka zake ziwe peke yake, mikono ioshwe. Upele ukitawanyika mwili mzima virusi huweza kupita hewani pia, hapo ni chumba chake peke yake na wageni wasimame mlangoni. Mtafuteni mtu mmoja mwenye maneno mazuri akae barazani awapokee, "ma'mkubwa karibu, mgonjwa kapumzika, salamu zako nitamfikishia," chai iletwe, watu hawatakasirika.

Na kinyume chake: mtoto akirudi madrasa na tetekuwanga na mgonjwa wenu wa kemo hajaugua mkanda wala chochote, pigeni simu kliniki siku ile ile. Nchi za joto kama zetu watu wengi hupitisha utoto bila kuipata tetekuwanga, kwa hivyo msiseme "bibi lazima aliugua zamani". Tetekuwanga kwa mtu wa kemo inaweza kushika mapafu, na kuna dawa za kumkinga zikianza mapema.

Yakitokea haya, hospitali usiku huo huo

Joto likifika 38 au zaidi. Upele kwenye paji la uso, kope au ncha ya pua, hiyo ya pua watu huidharau na ndio dalili kwamba jicho linaweza kuwa limeguswa, na mtu anaweza kupoteza kuona. Sikio linauma lina vilengelenge na uso umepinda upande mmoja. Vilengelenge kutokea mbali na pale vilipoanza. Kichwa kikali na shingo ngumu, maneno yasiyoeleweka, usingizi usio wa kawaida, kushindwa kupumua vizuri, au mkojo kukataa kutoka wakati upele uko sehemu za makalio. Kodini boti, kodini tuktuk, mkopeshane.

Baadae

Malengelenge hukauka siku 7 mpaka 10 na ngozi hupona wiki 2 mpaka 4, kwa mgonjwa wa kansa yaweza kuchukua zaidi. Kemo inayofuata huenda ikasogezwa mbele, na hilo huwatia watu hofu wakaficha mkanda ili tarehe isipotee. Msifiche. Daktari wa kansa ndie anaepima lipi litangulie, na kupigwa kemo juu ya mkanda uliowaka ni hatari kuliko kusogeza wiki mbili.

Maumivu yanaweza kubaki hata ngozi ikishapona, yakipita miezi mitatu yana jina lake na dawa zake, gabapentini au amitriptilini kwa mfano, ambazo huanzwa kidogo kidogo na hufanya mtu asinzie. Mgonjwa akisema bado inawaka msimwambie mbona hapana kitu. Kwa shangazi hii ndio ilikuwa ndefu kuliko mkanda wenyewe, alikuwa analala na mkono ameinua ili usiguse ubavu, na ni mpaka alipoisema kliniki ndio akaandikiwa dawa.

Na mkanda unaweza kurudi kinga ikiwa bado chini, kwa hivyo lile swali la chanjo na la vidonge vya kuzuia liulizeni tena kliniki inayofuata, hata kama mara ya kwanza mliambiwa bado.